Kati ya Uchongezi na Ukimya: Kuzisoma Dalili za Ghasia katika Pwani Yetu

Kitabu cha Walawi, sura ya 19 mstari wa 16, kinabeba maagizo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. La kwanza linamkataza mtu kuzunguka katikati ya watu wake akieneza uchongezi. La pili linamkataza kusimama kando wakati uhai wa jirani yake umo hatarini. Aliyeyaweka maagizo hayo mawili ndani ya mstari mmoja alivijua vijiji. Alijua kwamba mahali ambapo kila mtu anamfahamu mwenzake, ulimi unaweza kumwangamiza asiye na hatia, na ukimya nao unaweza kuua.

Tunaandika makala haya tukiwafikiria hasa waamini wachache na majirani zao wengi wa Mchinga, pamoja na wa Kitomanga, Rutamba, Likong'o na wale wa kaskazini hadi Kilwa. Swali linalotufikia kutoka huko ni la kawaida na ni zito: mtu akiona jambo linalomtia shaka, amwambie nani, na je, akishasema atabaki salama? Hatupendi kulijibu kwa maneno matamu. Pwani hii ina kumbukumbu, na jibu lolote lisilozingatia kumbukumbu hizo halitasadikiwa na mtu yeyote.

Barabara kuu inayopita karibu na Mchinga ndiyo inayopita Nangurukuru, ikavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na kuingia Kibiti. Abiria wetu wanaokwenda Dar es Salaam wanakumbuka jinsi safari hiyo ilivyokuwa mwaka 2017. Kwa muda wa miaka miwili hivi, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao kwa risasi na usiku. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa eneo la Jaribu Mpakani, wilayani Kibiti, walipokuwa wakirudi kutoka lindoni. Lakini kabla ya askari hao, na baada yao, waliokuwa wakiuawa mmoja mmoja ni viongozi wa chini kabisa: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mgambo.

Tuitazame orodha hiyo kwa makini, maana ndani yake limo fundisho ambalo mara nyingi halisemwi. Wale walikuwa ndio mlango wa habari. Mwananchi akiwaona wageni wamepiga kambi msituni, au akisikia kijana akitamba kwamba fulani hatafika mwezi ujao, anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wauaji walilijua hilo, wakaanza kwa kuubomoa mlango. Kila kiongozi aliyezikwa aliwaachia walio hai ujumbe usiohitaji kuandikwa ukutani: anayepokea habari anakufa, na anayezipeleka atafuata. Ndiyo maana wakati Serikali ilipounda Kanda Maalum ya Kipolisi ya Rufiji na kuwaomba wananchi watoe taarifa, wengi walifunga midomo. Haikuwa kwamba waliwapenda wauaji. Walikuwa wamehesabu makaburi.

Kisha ikaja hofu ya pili, na haki inatudai tuitaje pia. Wakati operesheni za vyombo vya dola zikiendelea, zilikuwapo familia zilizosema kwamba ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo kwa ajili ya gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mauaji yalikoma, na kwa hilo tunamshukuru Mungu na tunawakumbuka askari waliotoa uhai wao. Hata hivyo, swali la waliotoweka halikuzikwa pamoja na mauaji. Mama ambaye hajui mwanawe amelala wapi hawezi kuwa wa kwanza kukimbilia kituo cha polisi siku nyingine atakapoona jambo. Vivyo hivyo mzazi ambaye mtoto wake ameanza kupotoka: akiamini kwamba kumtaja ni kumpoteza, atamficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini mgonjwa naye huficha maradhi pale anapomwogopa tabibu kuliko ugonjwa.

Hivyo mwananchi wa pwani yetu anasimama kati ya hofu mbili, na tunaona si haki kumlaumu kwa woga kabla ya kumwondolea angalau moja kati ya hizo.

Upande wa kusini, ng'ambo ya Ruvuma, mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na huko fundisho ni chungu zaidi. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana wenye silaha lilivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocimboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Ulimwengu ulishtuka. Wazee wa misikiti ya mji ule hawakushtuka. Kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo walikuwa wamewaona vijana waliojitenga na jumuiya zao, waliowafukarisha heshima maimamu kwa kuwaita makafiri, waliokataa watoto wasipelekwe shule za serikali na waliodai kwamba sheria za nchi haziwahusu. Viongozi wa Kiislamu walizipeleka habari hizo kwa wakubwa, wakaomba hatua zichukuliwe. Baadhi ya vijana walikamatwa na kuachiwa, na kwa jumla onyo lilichukuliwa kama ugomvi wa ndani wa msikiti. Yaliyofuata tunayajua, kwa sababu tuliwapokea waliokimbia. Watu zaidi ya maelfu walipoteza maisha katika miaka iliyofuata, mji wa Palma ulishambuliwa mwezi Machi 2021, na moto ule ulivuka mto: tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na watu wakauawa. Kanisa nalo lilijeruhiwa. Sista Maria De Coppi, mmisionari Mkomboni aliyelitumikia taifa lile kwa takriban miaka 60, aliuawa Chipene usiku wa tarehe 6 Septemba 2022.

Tunalisisitiza jambo moja hapa, kwa kuwa waamini wetu wengi wanaishi kama kondoo wachache katikati ya majirani Waislamu, na hao ndio wanaowazika, wanaowakopesha chumvi na kuwasaidia kusukuma mtumbwi. Waliokuwa wa kwanza kuona na wa kwanza kuonya katika Cabo Delgado walikuwa masheikh na wazee wa misikiti. Waliokuwa wa kwanza kuuawa vijijini walikuwa, kwa wingi, Waislamu. Yeyote anayeingia Mchinga na fikra kwamba dalili ya hatari ni ndevu, au kanzu fupi, au mwanamke aliyejifunika uso, hajazisoma dalili. Amesoma chuki yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, anamtukana yule yule ambaye kesho angemletea habari za kuokoa maisha.

Na kama kuna Mkristo anayedhani jambo hili ni la dini ya wengine, na atazame kaunti ya Kilifi, kwenye pwani hii hii ya Waswahili. Katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambao wengi wao, watoto wakiwamo, walikufa kwa kufunga chakula wakiamini kwamba watakutana na Yesu. Dalili zilikuwapo tangu mapema: mhubiri huyo alikwisha kukamatwa mwaka 2017 kuhusiana na mafundisho yake na watoto waliozuiwa kwenda shule. Familia ziliuza mali zao, zikakata mawasiliano na ndugu, zikahamia porini. Alishika Biblia mkononi.

Ukiweka Mocimboa da Praia na Shakahola pamoja, unaona kwamba kinachofanana si mavazi wala kitabu bali mwenendo. Watoto wanaondolewa shuleni kwa amri ya mtu mmoja. Ndugu wanakatazwa kula pamoja na ndugu. Kiongozi wa kundi haulizwi swali, na anayeuliza anaitwa msaliti. Kijana aliyekuwa na biashara ndogo anaiuza ghafla, analipa madeni yake au anawagawia wengine vitu vyake, kisha anaaga kwa maneno yasiyo ya msafiri wa kawaida. Fedha zinaonekana mahali ambapo hakuna kazi. Mtu anatajwa kwa jina kwamba siku zake zimehesabiwa. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo peke yake linathibitisha uovu; kijana anaweza kuuza pikipiki yake kwa sababu amepata kazi ya chumvi au anataka kuoa. Uzito wa dalili umo katika kukusanyika kwake, na zaidi ya yote katika mabadiliko: mtu huyu hakuwa hivi mwaka jana. Anayeweza kuliona badiliko hilo si kachero kutoka mjini bali ni mama, mwalimu, nahodha wa chombo, mwenzake wa kijiweni.

Uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu mashambulizi 37 ya shuleni ulionyesha kwamba katika zaidi ya mara 8 kati ya kila 10, alikuwapo angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo hilo. Na aghalabu aliyejua alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu. Mazingira ni tofauti kabisa na yetu, lakini tabia ya binadamu ni ile ile. Anayekusudia kumwaga damu huvujisha maneno. Huwaambia wenzake, na wenzake husema, "Huyo anatania tu."

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba hatari ya Mchinga ni ile tu inayokuja na bunduki kutoka mbali. Kwa maoni yetu hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyumbani, na dalili zake zinapita mbele ya macho yetu kila msimu. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, mkoa wa Lindi umepokea mifugo mingi iliyokuja kutafuta malisho. Ng'ombe wameingia katika ufuta na mihogo, wakulima wamekatakata ng'ombe, na watu wameumizana. Ugomvi wa namna hii hauibuki asubuhi moja. Kwanza malalamiko yanapelekwa kwa mtendaji na hayajibiwi. Kisha watu wanaacha kulalamika, na viongozi wasio na busara wanafurahi wakidhani amani imekuja. Ukimya huo ndiyo dalili yenyewe: aliyeacha kudai haki yake ofisini huenda ameamua kuidai shambani.

Ndivyo ilivyokuwa Liwale mwezi Aprili 2013. Wakulima wa korosho walipoona malipo ya pili yamekuja pungufu ya walivyotarajia, nyumba za viongozi wa ushirika na wa siasa ziliteketezwa kwa moto. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Mei, Mtwara ililipuka kwa sababu ya bomba la gesi. Siku ile haikuwa siri. Vipeperushi vilikwisha kuzunguka vikiwataka watu wafunge maduka na kufuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini. Dalili zilisomwa, lakini zilisomwa kama suala la kuongeza askari. Hakuna aliyezichukua kama barua ya watu wenye kilio. Leo eneo la Likong'o, jirani kabisa na Mchinga, limetengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa kusindika gesi asilia, na watu wa hapo wameishi miaka mingi wakisubiri. Tunaomba waliopewa dhamana waikumbuke Mtwara.

Historia ya Kanisa letu kusini inatukumbusha kwamba kosa hili ni la kale. Mwaka 1905 umati wa watu ulikuwa ukimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua maji. Watawala wa Kijerumani waliyaona makundi hayo. Walichokosa ni kuuliza kwa nini watu waliochoshwa na kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa wanahitaji maji ya kuzuia risasi. Tarehe 14 Agosti mwaka ule Askofu Cassian Spiss na watawa wanne waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, na wengi wasiohesabika wa upande wa pili walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata.

Sasa turudi kwenye swali la nani aambiwe. Njia iliyozoeleka ipo: mjumbe au balozi, mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, mtendaji, mkaguzi wa polisi aliyepangwa katika kata, mkuu wa polisi wa wilaya. Hatari ikiwa ya saa hiyo hiyo, simu namba 112 inapigwa bila kungoja ngazi. Mtoto akiwa hatarini ipo namba 116, na kwa kipigo cha ndani ya nyumba lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Tunalitaja hili kwa sababu mauaji mengi ya wanawake yanatanguliwa na vitisho ambavyo ndugu wa pande zote mbili walivijua wakaviita mambo ya ndani. Lakini Kibiti imetufundisha kwamba njia moja haitoshi. Aliye na mashaka na mtendaji wake awe na haki ya kumruka. Asiyeweza kwenda polisi mwenyewe amtafute mtu anayeaminika pande zote: mwalimu mkuu, imamu, paroko, katekista, mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari. Nchini Kenya, baada ya ghasia za 2007 na 2008 zilizoua watu zaidi ya 1,100, ulianzishwa mwaka 2010 mpango wa Uwiano, ambao ulimwezesha mwananchi kutuma ujumbe wa simu bila malipo kwenda namba 108, na ujumbe huo ulipokelewa na Tume ya Uwiano na Utangamano pamoja na mashirika ya amani, si polisi peke yao. Sisi tungependa kuona kitu cha namna hiyo katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na hatuoni kwa nini kamati za amani za viongozi wa dini zisianze kukidai.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Katekisimu, namba 2477, inataja madhambi matatu ya ulimi dhidi ya heshima ya mtu: kumhukumu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake pasipo sababu ya haki, na kumsingizia. Anayetoa taarifa njema anayakwepa yote matatu kwa kufanya jambo jepesi: anasema alichokiona. Tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa, nani mwingine alikuwapo. Hasemi, "Huyu ni gaidi," maana hilo hajui. Wala haisemi habari hiyo kwenye foleni ya kisima, kwenye kundi la simu la familia, au kwenye sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo ikiwa imefungwa ndani ya nia ya maombi. Tunajua nia hizo. Jina lililotajwa Jumamosi jioni kwa sauti ya huruma, kufikia Jumapili mchana limeshazunguka kata nzima, na kama mtu huyo ni mwovu kweli ameshajua nani kamtaja. Kama si mwovu, hatapata tena mtu wa kununua samaki wake.

Linakuja suala la kitubio. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa haina mlango wa nyuma, hata pale uhai wa watu unapohusika. Padre anaweza kumsihi anayeungama aache nia yake, aweza kumwomba azungumze naye nje ya kitubio, na asipoona majuto ya kweli hawezi kumwondolea dhambi. Zaidi ya hapo hana ruhusa. Basi asidhani mtu kwamba akisha kumwambia padre katika maungamo kuwa jirani yake anapanga kuua, ametimiza wajibu wake kwa jirani huyo. Mambo kama hayo yaletwe ofisini kwa paroko, mchana, nje ya sakramenti, ili paroko awe huru kusaidia.

Upande wa pili wa taarifa yupo anayepokea. Tume ya Jaji Waki ilionyesha kwamba kabla ya ghasia za Kenya idara ya ujasusi ilikwisha kuonya. Onyo halikutumika ipasavyo. Kule Florida, Marekani, tarehe 5 Januari 2018 mtu aliyemfahamu kijana mmoja alipiga simu kwa wapelelezi wa FBI akaeleza hofu yake kwa kirefu. Taarifa haikufikishwa kwa ofisi iliyohusika, na tarehe 14 Februari kijana yule aliua watu 17 katika shule aliyokuwa akisoma hapo awali. Ikiwa taifa lenye mitambo yote lilishindwa kuipeleka karatasi moja kutoka meza hadi meza, ofisi ya kata yenye daftari moja na mtendaji mmoja inahitaji kusaidiwa, na inahitaji pia kukaguliwa.

Kwa hiyo tunaweka ombi letu mbele ya kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya na mbele ya makamanda. Jina la mtoa taarifa lisiandikwe katika daftari linaloonwa na kila anayeingia. Kijana anayetajwa aitwe na wazazi wake kwanza pale ambapo bado ni maneno tu, na akikamatwa, familia iambiwe yuko kituo gani na afikishwe mahakamani kwa muda uliowekwa na sheria. Na mzee wa Mchinga aliyetembea hadi ofisi ya kata siku ya Jumatatu kusema alichokiona ufukweni, apate neno kabla ya Ijumaa kwamba habari yake imefika na yupo anayeishughulikia. Afisa akiwa hawezi kumwambia zaidi ya hayo, amwambie hivyo hivyo.